Maoni ya wapita njia: nani hunukuliwa, na kwa nini yeye?

Maoni ya wapita njia ni kauli fupi ambazo mwandishi wa habari huzikusanya kwa watu wa kawaida aliowakuta mahali, kisha akazipanga kando ya kauli za viongozi na wataalamu. Nauli ikipanda au matokeo ya uchaguzi yakitangazwa, hutakosa kumsoma mtu ametajwa jina, umri na kazi yake, akieleza alivyoyapokea.

Mtu huyo si shuhuda. Shuhuda ameona tukio, na mwandishi makini humbana: ulikuwa umesimama wapi, uliona mwenyewe au ulisimuliwa? Kisha humtafuta shuhuda mwingine asiyefahamiana na wa kwanza. Mtoa maoni haulizwi hayo, maana anachotoa ni msimamo wake tu.

Basi hupatikanaje? Mara nyingi ni kwa wepesi wa kupatikana. Muda wa mwandishi ni mfupi, kwa hiyo humwendea asiye na haraka: aliye kwenye foleni, anayesubiri basi, aliyekaa kwenye benchi. Wanaokimbilia kazini, wenye haya na wanaomwogopa mwajiri hukataa, na habari haiwataji kabisa. Waliokubali nao huchujwa. Aliyesema "inategemea" hukatwa. Aliyetoa neno kali kwa sentensi moja hubaki. Tena mhariri hupenda apatikane anayeunga mkono na anayepinga, hata pale ambapo karibu wote waliohojiwa walikuwa upande mmoja. Hapo ndipo ninapoona msomaji anadhulumiwa hasa, kwa sababu mgawanyiko anaouona umetengenezwa mezani.

Nchini Marekani, mkazi mmoja wa jimbo la New York aliyezoea kuwahi mbele ya foleni za matukio makubwa alinukuliwa zaidi ya mara 100 kama mwananchi wa kawaida. Mwaka 2003 shirika la habari la Associated Press liliwaambia waandishi wake watafute watu wengine. Alikuwa mbele, na alikuwa tayari kuzungumza. Kwa mwandishi anayekimbizana na saa, hayo mawili yalitosha.

Kwa nini jambo hili lina uzito? Mtafiti Dolf Zillmann na wenzake walionyesha kwamba wasomaji huyumbishwa zaidi na simulizi za watu wachache kuliko takwimu zilizomo kwenye habari hiyohiyo. Kauli tatu kali zinaweza kuifunika asilimia iliyoandikwa aya moja juu yake. Ndiyo maana miongozo ya BBC inakataza kuyaonyesha maoni ya namna hii kana kwamba yanawakilisha umma.

Dawa ninayoiamini haihitaji fedha: habari iseme mwandishi alizungumza na watu wangapi, mahali gani, na wangapi kati yao walisema jambo lilelile.