Kusisimua mishipa ya fahamu kwa mama mzee anayetokwa na mkojo: maswali na majibu

Maswali haya huletwa kwetu na akina mama wa Bukavu waliokwisha kupita umri wa kuzaa, na mara nyingi zaidi na mabinti zao, kwa kuwa mama mwenyewe huona haya kuyatamka.

Kutokwa na mkojo si jambo la kawaida la uzee?

Hapana. Umri huongeza uwezekano wa tatizo hili, lakini haulifanyi kuwa jambo ambalo mzee lazima alivumilie. Tunawapokea akina mama waliokaa miaka na vitambaa ndani ya kikwembe, walioacha misa na soko la Kadutu, ambao ngozi ya mapaja imechubuka hadi kuwa vidonda, na kila mmoja anasema aliambiwa nyumbani kwamba ni uzee. Si uzee. Ni ugonjwa wenye matibabu, na unatibika vizuri zaidi ukiwahiwa.

Je, tatizo hili ni la aina moja?

Tunaona hasa aina mbili. Katika ya kwanza, mkojo hutoka mama anapokohoa, anapocheka au anapobeba mzigo, kwa sababu misuli ya chini ya nyonga imelegea. Katika ya pili, haja huja ghafla na kwa nguvu, na mkojo humtoka kabla hajafika chooni, kwa sababu kibofu hujikaza kabla ya wakati. Wengi wana zote mbili. Tiba tunayoieleza hapa, yaani kusisimua mishipa ya fahamu kwa umeme mdogo, ni ya aina ya pili.

Mkojo unaochuruzika mchana na usiku bila kukoma ni jambo jingine, hasa kwa mama aliyewahi kupata uzazi mgumu. Huenda ni fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke, ambayo huzibwa kwa upasuaji, wala haitibiki kwa umeme. Hospitali ya Panzi, hapa hapa mjini, inajulikana kwa upasuaji huo, na hata aliyeishi na fistula miaka mingi aende akapimwe.

Umeme unahusianaje na kibofu?

Mishipa ya fahamu inayoongoza kibofu hutoka sehemu ya chini kabisa ya uti wa mgongo. Mshipa unaopita nyuma ya kifundo cha mguu, upande wa ndani, una chanzo chake huko huko, na kwa hiyo ukisisimuliwa kwa umeme mdogo, ujumbe hupanda hadi kwenye uti wa mgongo na kibofu hutulia. Umeme hupitishwa kwa sindano nyembamba juu kidogo ya kifundo, au kwa vibandiko vinavyowekwa juu ya ngozi. Kikao huchukua dakika 30, na kwa njia ya sindano kwa kawaida ni mara moja kwa wiki kwa wiki 12. Mama huhisi msisimko mdogo kwenye unyayo, au dole gumba hutikisika.

Kipo pia kifaa kinachopandikizwa chini ya ngozi ya kitako, kilichoidhinishwa Marekani mwaka 1997 kwa tatizo hili. Ni cha gharama kubwa, kinahitaji daktari bingwa, na si hatua ya kwanza.

Je, nitapona kabisa?

Wengine hukauka kabisa, wengine hupungukiwa na safari za chooni, na wengine hawapati nafuu. Nafuu mara nyingi haionekani katika vikao vya mwanzo, kwa hiyo anayeacha baada ya vikao vichache bado hajaijaribu tiba. Aliyepata nafuu huhitaji kurudia vikao mara kwa mara ili idumu. Mwenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo asifanyiwe, na mwenye kidonda kifundoni, ganzi ya miguu kutokana na sukari au anayetumia dawa za kuyeyusha damu aseme kabla ya kuanza.

Ni lazima nianze na umeme?

La. Kwanza mkojo na sukari vipimwe. Kisha kuna mazoezi: kaza misuli kama anayezuia hewa isitoke nyuma, ulegeze, mara 8, mara tatu kwa siku, kwa muda usiopungua miezi 3. Pamoja na hayo, zoeza kibofu kwa kuchelewesha haja dakika chache, ukiongeza polepole. Punguza kahawa na chai.

Nimeacha kunywa maji ili nisijikojolee. Nimekosea?

Ndiyo, mama, na tafadhali uache leo. Mkojo mzito hukichokoza kibofu, na anayekosa maji hufunga choo, na choo kigumu hukibana kibofu. Kunywa mchana kama kawaida, upunguze saa mbili kabla ya kulala. Na mizizi inayoingizwa ukeni ili kukaza, iacheni kabisa: huunguza, huleta maambukizi, na humchelewesha mgonjwa.

Naweza kusubiri kwanza?

Usisubiri. Mama anayekimbilia choo cha uani usiku, mvua ikinyesha na ngazi za udongo zikiteleza kwenye miteremko yetu, huanguka na kuvunjika nyonga, na wapo wasioamka tena kitandani. Narudia kwa wale wanaoendelea kusema ni uzee: si uzee, mpelekeni mama akapimwe. Akiwa na damu kwenye mkojo, akishindwa kukojoa, au akipata ganzi kati ya mapaja pamoja na udhaifu wa miguu, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Nije na nini kituoni?

Njoo na dawa zote unazomeza, zikiwemo za presha, kwani baadhi huongeza mkojo, lakini usiziache mwenyewe. Kwa siku 3 kabla ya kuja, binti yako aandike saa ulizokunywa, kiasi ulichokunywa, saa ulizokwenda chooni, na mara ambazo mkojo ulikutoka, pamoja na ulichokuwa ukifanya wakati huo.