Januari 27 na mlima uliogeuzwa zawadi ya bethdei

Kisa hiki Moshi hakuna asiyekijua. Malkia Victoria wa Uingereza alikuwa na milima miwili yenye theluji, Kenya na Kilimanjaro. Mjukuu wake Wilhelm, Kaiza wa Ujerumani, hakuwa na hata mmoja. Bethdei ya mjukuu ilipofika, bibi akaona haya kwenda mikono mitupu, akaupinda mpaka kidogo na mlima ukaangukia upande wa Wajerumani. Ndiyo maana, tunaambiwa, mstari unaotoka baharini kwenda Ziwa Victoria umekata kona hapa kwetu. Nimekisikia langoni Marangu, nimekisikia ndani ya kosta za Arusha, na miaka niliyokuwa nikipandisha wageni mlimani nami nilikisimulia bila kupepesa macho. Mgeni akicheka, tipu hunenepa.

Baadaye nilianza kuweka tarehe mezani, na kisa kikaanza kuvuja.

Bethdei yenyewe ni ya kweli. Wilhelm alizaliwa Berlin, Januari 27, 1859. Ubibi nao ni wa kweli: Victoria alikuwa bibi yake mzaa mama, na huyu ndiye mjukuu wake wa kwanza. Lakini mpaka ulikubaliwa kwa barua ambazo serikali za Ujerumani na Uingereza zilijibizana kati ya Oktoba 29 na Novemba 1, mwaka 1886. Hiyo bethdei ya Oktoba ni ya nani? Halafu mwaka huo Wilhelm huyu hakuwa Kaiza. Alikuwa mwanamfalme wa miaka 27, asiye na kiti. Kaiza alikuwa babu yake, naye akiitwa Wilhelm, na nadhani majina kufanana ndiko kulikowachanganya wengi. Babu alifariki Machi 1888, mwanawe Friedrich akatawala siku 99 tu, na kijana akarithi Juni 15, 1888. Mstari wa mpaka ulikuwa umeshachorwa.

Tena, Malkia angegawaje kisichokuwa chake? Kwenye mwambao, makubaliano hayohayo ya 1886 yalimtambua Sultani Barghash wa Unguja kuwa mwenye ukanda wa maili kumi. Huku juu walikuwepo Mamangi, watawala wa Wachaga, kila mmoja na eneo lake. Mwaka 1885 mjumbe wa kampuni ya kikoloni ya Mjerumani Karl Peters, aitwaye Karl Jühlke, alifika Moshi kwa Mangi Rindi, ambaye vitabu vya wageni humwita Mandara, akaondoka na karatasi ya mkataba. Mwaka mmoja kabla yake Mwingereza Harry Johnston alikuwa mlimani kwa jina la utafiti. Kona ya mpaka ilitokana na mbio hizo: Wajerumani walikuja na karatasi zao za upande huu, Waingereza wakashikilia upande wa Mombasa, na mstari ukapitishwa chini ya mlima kwa kaskazini hadi ziwani. Ni biashara ya watu wawili wanaogawana shamba la mtu wa tatu aliye hai na anawatazama.

Hapo ndipo kisa cha zawadi kinaponikera. Kinafurahisha, lakini kinawafuta Mamangi kwenye ramani. Meli, mtoto wa Rindi, aliwapiga Wajerumani mwaka 1892 na kuwarudisha nyuma kabla hawajaja na nguvu kubwa zaidi. Walimnyonga Old Moshi, Machi 2, 1900. Tukisema mlima ulitolewa na bibi kwa mjukuu, Meli tunamweka wapi?

Kitu ambacho Wilhelm alikipata kweli Kilimanjaro ni jina. Oktoba 6, 1889, Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni, na Meyer akakiita Kaiser-Wilhelm-Spitze. Ndicho hicho tunachokiita Uhuru leo, mita 5,895. Na Januari 27 ilikuwa sikukuu ya Kaiza katika dola yake yote, makoloni yakiwemo, hadi dola ilipoanguka mwaka 1918.

Sasa tushuke Arusha, miaka 108 baada ya mtoto yule kuzaliwa.

Muulize mtu yeyote Azimio la Arusha ni la lini. Atakujibu Februari 5, 1967, na hakosi sana. Ila Februari 5 ni siku lilipotangazwa, na lilitangazwa Dar es Salaam. Halmashauri Kuu ya TANU, chama kilichokuwa kikitawala, ilikutana Arusha kuanzia Januari 26 hadi 29, kwa hiyo Januari 27 wajumbe walikuwa siku ya pili ya kikao, wakibishana juu ya ujamaa, kujitegemea na masharti ya uongozi. Makumbusho ya Azimio, pale Kaloleni, yako katika jengo ambamo mambo hayo yalizungumzwa. Tarehe 5 ilizidi kupata nguvu CCM ilipozaliwa Februari 5, 1977, miaka kumi kamili baadaye. Tarehe iliyochaguliwa na wenye sherehe hukumbukwa, ya kikao husahaulika.

Siku hiyohiyo ya pili ya kikao, dunia nayo ilikuwa kazini. Washington, London na Moscow zilifungua mkataba wa kutumia anga za juu kwa amani ili nchi zianze kutia saini. Jioni ya huko Marekani, moto ukalipuka ndani ya chombo cha anga cha Apollo na kuwaua wanaanga Gus Grissom, Ed White na Roger Chaffee. Wengi hudhani roketi iliungua ikipaa. Haikupaa. Ilikuwa imesimama kwenye jukwaa lake Florida, haina mafuta, kwa sababu lilikuwa jaribio tu. Chumba walimokaa kilijazwa oksijeni tupu kwa shinikizo kubwa, mlango ulifunguka kwa ndani, na moto ulipoanza shinikizo likaubana. Hata jina Apollo 1 lilithibitishwa baada ya wao kufa.

Tena angalia saa. Moto uliwaka saa 12:31 jioni ya Florida. Arusha ilikuwa saa 8:31 usiku, na kalenda ya ukutani ilikuwa imeshafika Januari 28. Kwa hesabu yetu, wale wanaanga walifariki usiku wa kuamkia tarehe 28. Sisi tuna namna nzuri ya kulisema jambo hili, ilhali orodha za "leo katika historia" hazina.

Lipo jambo lingine la siku hii ambalo Arusha ina haki ya kulisemea. Januari 27, 1945, jeshi la Kisovieti lilifika Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi nchini Poland. Picha iliyo vichwani mwa watu ni ya malango kufunguliwa na maelfu kwa maelfu kutoka. Waliokutwa mle ni kama 7,000, wengi wao wagonjwa mahututi. Karibu 60,000 walikuwa wameshaswagwa kwa miguu siku chache kabla, katikati ya baridi, na wengi walikufa njiani. Mwaka 2005 Umoja wa Mataifa uliifanya tarehe hii kuwa siku ya kumbukumbu ya mauaji ya Wayahudi, Holokosti.

Mara nyingi sentensi inayofuata husema kwamba waliohusika walitiwa hatiani kwa mauaji ya kimbari kule Nuremberg, Ujerumani, viongozi wa Kinazi waliposhtakiwa baada ya vita. Hapana. Hukumu ile ilihusu uhalifu wa kivita, uhalifu dhidi ya amani na uhalifu dhidi ya ubinadamu. Mkataba ulioyafanya mauaji ya kimbari kuwa kosa la kimataifa ulipitishwa Desemba 1948, Nuremberg ilipokuwa imeshatoa hukumu. Mahakama ya kwanza ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa hilo ilikaa Arusha, katika jengo la AICC, kituo cha mikutano ya kimataifa: ile ya mauaji ya Rwanda, ilipomhukumu Jean-Paul Akayesu, Septemba 2, 1998. Watu hupita nje ya jengo lile kila siku wakienda mjini.

Mengine niyapitie mbiombio. Januari 27, 1880 haikuwa siku Edison alipovumbua taa. Ni siku alipopewa hataza aliyoiomba Novemba 1879, na Mwingereza Joseph Swan naye alikuwa na taa yake. Mkataba wa Paris wa Januari 27, 1973 haukumaliza vita vya Vietnam, maana Saigon ilianguka Aprili 30, 1975. Mtunzi wa muziki Mozart alizaliwa siku hii mwaka 1756, lakini kwenye ubatizo hakuitwa Amadeus. Padri alimwandika Theophilus.

Imebaki ile imani kwamba tarehe ikigongana hivi, lazima kuna siri ndani yake. Hesabu haikubali. Wakikusanyika watu 23 tu, uwezekano wa wawili kuchangia siku ya kuzaliwa unavuka nusu kidogo. Wakiwa 30, unafika karibu asilimia 70. Tukio kubwa la dunia nalo lina siku 365 tu za kuangukia, na historia ni ndefu.

Niliwahi kuwabishia watu jambo hili kwenye kosta, tukitoka Boma Ng'ombe, gari limejaa. Konda akaanza kuuliza kiti kwa kiti. Tulikaribia Kikatiti jozi ikapatikana: konda mwenyewe na mama mmoja mwenye mkungu wa ndizi miguuni, wote Agosti 14, na mama akadai apunguziwe nauli kwa undugu huo. Nyuma kabisa alikuwepo mzee aliyekaa kimya muda wote. Konda alipomgeukia, akasema yeye alizaliwa mwaka wa njaa, wakati wa kuvuna ulezi, na aliyekuwa anajua tarehe alikuwa mama yake.