Usimwambie avute pumzi ndefu

Jamani, tuelewane. Kila msiba, kila mtihani, kila foleni ya Ubungo, hakosi mmoja wa kumwambia mwenye kuhangaika: "Vuta pumzi ndefu, utatulia." Kisha huyo huyo anakuja kliniki kwangu akilalamika kwamba mazoezi ya kutulia yanamzidishia wasiwasi. Yasimzidishie kwa nini?

Ukivuta hewa, moyo huongeza kasi kidogo, ukiitoa, hupunguza. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, uone. Kwa vijana tofauti husikika zaidi. Anayepunguza kasi hapo ni neva ya vagasi, inayotoka kwenye shina la ubongo ikashuka shingoni hadi kwenye moyo, mapafu na tumbo. Sasa wewe unamshika mtu aliyekwisha kutaharuki, unamwambia avute, avute tena, mpaka mabega yaguse masikio. Anatoa hewa ukaa nyingi kuliko mwili unavyoitengeneza. Mishipa ya damu ya ubongo inasinyaa, kizunguzungu kinampata, midomo na ncha za vidole zinaanza kuchomachoma. Yeye anaona ndiyo anakufa. Shangazi anasema katupiwa kitu. Na bado mshauri wetu yuko pembeni: "Vuta nyingine!"

Ninachofundisha mimi hakina mbwembwe. Vuta kwa pua, kiasi tu. Toa taratibu, kwa muda mrefu kuliko ulivyovuta, midomo umeibana kama unapuliza uji wa moto. Ukifika pumzi sita hivi kwa dakika, badala ya zile 12 hadi 20 za kawaida, inatosha. Hesabu ikikuchosha, achana nayo.

La pili: "Ondoa mawazo yote kichwani." Hayaondoki! Jon Kabat-Zinn, mwalimu wa kutafakari wa Marekani, alipoanza kuwafundisha wagonjwa wa maumivu sugu huko Massachusetts mwaka 1979, somo lilikuwa kuyatambua yaliyopo, maumivu yakiwemo, bila kuyafukuza. Likija wazo la ada ya shule, sawa, ni ada. Rudi kwenye nyayo zako sakafuni. Likija tena, rudi tena. Watu wanadhani wameshindwa kila wanaporudi, kumbe zoezi ndilo hilo.

Kulala kitandani Jumapili nzima na simu mkononi sitakujadili. Taya zako zinajua kama umepumzika.

Tena si kila mtu afumbe macho. Aliyepitia kipigo au ajali mbaya, ukimwambia ausikilize mwili wake, unaweza kumrudisha kule kule. Huyo namwacha macho wazi, atazame dirisha, asikilize bajaji zinavyopita. Na nikiwa mkweli, sijui nafuu inayopatikana chumbani kwangu ni ya pumzi kiasi gani, na ni ya kukaa na mtu asiyekudai chochote kiasi gani. Wengi wetu tulisomeshwa pia nadharia ya mwanasaikolojia Stephen Porges ya mwaka 1994 kuhusu neva hiyo ya vagasi, kwamba matawi yake tofauti ndiyo yanayomfanya mtu atulie au agande kwa hofu. Wanafiziolojia kadhaa wanaipinga vikali, nami nimeacha kuwahubiria wagonjwa. Zoezi halihitaji nadharia hiyo ili lifanye kazi.

Kama kifua kinakubana ukipanda ngazi, au unaamka usiku umekosa hewa, usianze na haya yangu. Kapimwe moyo na damu kwanza, ndipo uje.