Mtafiti wa baada ya uzamivu na milango ya bakteria

Kijana wa Mikindani akimaliza shahada ya uzamivu huko ng'ambo, kisha akapiga simu nyumbani kusema sasa anafanya utafiti wa baada ya uzamivu, shangazi atauliza: "Kumbe bado unasoma, mwanangu?" Hasomi. Ni kazi ya mkataba, mara nyingi wa miaka miwili au mitatu, ndani ya maabara ya mwanasayansi aliyemtangulia, na mshahara anapata. Swali la pili, la nini hasa anachochunguza, ndilo lenye kazi. Akijibu "muundo wa mifumo ya bakteria ya kutoa protini", simu itapewa mtu mwingine.

Tuanze na kipindupindu, maana hicho hakuna asiyekijua. Bakteria wake, Vibrio cholerae, akifika tumboni hujishikiza kwenye ukuta wa utumbo mwembamba. Haingii kwenye damu. Kinachomkausha mgonjwa maji ni protini moja tu, sumu ambayo bakteria huitengeneza ndani ya mwili wake. Sumu ikibaki humo ndani haimdhuru mtu, na kuitoa si jambo dogo: bakteria huyu amezungukwa na tando mbili, wa ndani na wa nje, na protini kubwa haiwezi kuzipenya hivi hivi. Kwa hiyo vipande vya sumu huvushwa kwanza utando wa ndani, vikaunganishwa katika nafasi iliyo kati ya tando hizo, halafu sumu iliyokamilika ikatolewa nje kupitia lango maalumu. Lango hilo pamoja na mashine inayolisukuma ndivyo vinavyoitwa mfumo wa kutoa protini, na huu wa sumu ya kipindupindu ni wa aina ya 2. Aina ziko nyingi, orodha imeshavuka 9.

Sasa neno muundo. Hadubini ya kawaida ya hospitali humwonyesha bakteria, lakini lango lake ni dogo mno kwa mwanga. Mtafiti hulitoa lango kwenye utando kwa sabuni maalumu, akalisafisha, akadondosha tone lake kwenye kiwavu kidogo sana, kisha akakichovya kwenye etani, gesi iliyopozwa hadi ikawa kimiminika. Maji hugandishwa upesi kiasi kwamba hayapati nafasi ya kuunda fuwele za barafu. Hapo hupigwa picha kwa elektroni. Kila picha peke yake ni hafifu, haina maana. Ni kama kinyago cha Kimakonde kilichopigwa picha maelfu gizani, kila moja kutoka upande wake, halafu kompyuta ikazipanga hadi umbo zima likajitokeza. Jacques Dubochet, Joachim Frank na Richard Henderson walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2017 kwa kuijenga mbinu hii.

Lango la kipindupindu lenyewe linaonyesha kazi hii ilivyo ngumu. Mwaka 2010 lilichapishwa umbo lake likiwa duara la nakala 12 za protini moja. Picha ilikuwa na ukungu. Haikuonyesha vitu vidogo kuliko nanomita 2 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Mwaka 2017 watafiti wengine walipata picha kali zaidi, wakahesabu nakala 15. Mtu anaweza kuuliza 12 na 15 zina tofauti gani. Zina tofauti kubwa: idadi hiyo huamua upana wa tundu ambalo sumu inapita, na anayetaka kubuni kitu cha kuliziba lazima ajue vipimo vyake. Nami nadhani watu wengi hawajui kwamba mkataba wa mtafiti kama huyu unaweza kuishia kwenye kusafisha protini, hadubini ikaguswa mwishoni.

Wazo la kuziba lango linavutia kwa sababu halimuui bakteria, linamnyang'anya silaha tu, na inatarajiwa kwamba usugu utachelewa kuzuka. Bado halijafika dukani. Mgonjwa wa kipindupindu Lindi au Mtwara anaokolewa na maji ya chumvi na sukari, na dripu akizidiwa.

Turudi kwenye aina nyingine za mifumo hii. Aina ya 7 tunaijua bila kujua. Bakteria wa kifua kikuu huitumia kutoa protini zinazomsaidia kushambulia seli za mapafu. Chanjo ya BCG, ile inayoacha kovu begani kwa mtoto, ilitokana na bakteria wa ng'ombe waliooteshwa tena na tena maabara kuanzia 1908 hadi 1921. Miongo mingi baadaye ndipo ilipogundulika kwamba katika safari hiyo walipoteza jeni za mfumo mmoja wa aina hii.

Aina ya 3 ni sindano kweli kweli: mrija wenye tundu la nanomita 2 na kitu, mwembamba hata protini lazima ikunjuliwe iwe uzi ndipo ipite, ikaingia moja kwa moja ndani ya seli ya mwingine. Salmonela, bakteria wanaoleta homa ya matumbo, wanayo, na bakteria wanaoshambulia muhogo, jamii ya Xanthomonas, wanayo pia. Mojawapo ya protini wanazopenyeza huenda hadi kwenye jeni za muhogo na kuamsha moja inayotoa sukari nje ya seli, na inadhaniwa bakteria hujilisha hapo. Majani hupata mabaka yenye kona, mashina yakatoa utomvu na ncha zikakauka. Salfa tunayopuliza kwenye mikorosho haisaidii hapa, kwani ile ni ya ubwiriunga, na ubwiriunga ni kuvu. Kwa muhogo, mkulima wa Newala au Nachingwea anachoweza ni kukata pingili za kupanda kutoka shamba lisilo na mabaka hayo, na kung'oa mashina yaliyougua.