Bustani ya kachumbari: watu wanavyoamini na ukweli ulivyo

Dhana ya kwanza na ndo inayoangusha wengi: ukisia mbegu zote siku moja, siku ya pilau utachuma zote pamoja. Hapana jamani. Kitunguu kinakaa kitaluni wiki 6 mpaka 8, ukishahamisha miche kinataka kama miezi 3 mingine, nyanya inakaa kitaluni wiki 3 au 4 tu halafu miezi miwili na nusu hivi unaanza kuchuma, giligilani ndo kabisa, wiki 5 au 6 unakata majani. Kwa hiyo unahesabu kurudi nyuma kutoka siku ya kula, kitunguu kinaanza, nyanya inafuata kama mwezi mmoja baadae, giligilani inaingia mwishoni.

"Giligilani yangu haikai, mbegu za dukani feki." Mara nyingi mbegu haina shida. Giligilani haipendi joto, jua la Dar likiipiga inakimbilia kutoa maua na majani yanabaki membamba kama nyuzi. Iweke penye kivuli cha mchana, isie palepale itakapokulia maana haipendi kuhamishwa, halafu rudia kusia kidogo kidogo kila baada ya wiki 2 au 3. Ile mbegu ya duara unayoiona ni mbegu mbili zimeshikana, ukiiviringisha taratibu chini ya chupa ikapasuka, unapata miche miwili.

Wengine wanasema bila kiwanja huwezi. Ndoo ya lita 20 yenye matundu chini inabeba mche mmoja wa nyanya vizuri tu, cha msingi jua masaa 6 na samadi iliyooza kabisa, samadi mbichi inaunguza mizizi.

Kwenye nyanya kuna hii ya kitako cheusi, mtu akiona tu anakimbilia dawa ya wadudu. Pale chini panapooza ni tunda limekosa kalsiamu, na mara nyingi sababu ni maji ya vipindi, leo unamwaga ndoo nzima kesho kutwa udongo umekauka mpaka umepasuka. Mwagilia kwa mpangilio, asubuhi, kwenye shina sio juu ya majani maana majani yakilala na maji unaita ukungu, na tandaza nyasi kavu. Wadudu wana alama nyingine, mfano kantangaze, yule mdudu nondo wa nyanya aliyeingia Tanzania 2014, viwavi wake wanachimba njia ndani ya jani, ukiliinua juani unaona mabaka meupe kama karatasi na vinyesi vyeusi ndani.

Mbegu za kukamua kwenye nyanya ya sokoni zinaota, ila kama ilikuwa chotara watoto hawatafanana na mama, aina ya nyanya inayoitwa Tengeru 97 sio chotara kwa hiyo mbegu zake unatunza.

Na sio lazima kila kitu cha kwenye sahani utoke nacho bustanini. Mimi kama eneo ni dogo kitunguu nakiachia soko, kinashika tuta miezi 3 kinatoa mara moja basi na kikavu kinakaa vizuri jikoni, nafasi hiyo nampa pilipili mbuzi, huyo akitunzwa anazaa zaidi ya mwaka, ila msimu ukiisha msiziweke nyanya tena tuta lilelile wala pale ilipokuwa pilipili au bilinganya, ni ukoo mmoja, ugonjwa wa mnyauko unabaki kwenye udongo unazisubiri.