“Fedha haivunjiki”: uongo ninaousikia kila wiki kuhusu sarafu za kale

Mteja aliniletea kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani yake mlikuwa na tetradrakma ya Athens, sarafu ya Ugiriki ya kale iliyopigwa kwa metali ya fedha, ile yenye picha ya bundi, ikiwa vipande vitatu. Alikuwa ameidondosha mezani makusudi asikie mlio wake, nayo ikalia “ko” kama kigae na kupasuka. Hakuja kuomboleza. Alikuja kumshitaki aliyemuuzia: “Huyu kanipa bandia. Fedha haivunjiki.”

Nimechoka kuijibu sentensi hiyo kwa mdomo, kwa hiyo naijibu hapa.

Dhana: fedha ni laini, hupinda tu; ikivunjika si fedha

Fedha safi kweli hupinda. Lakini sarafu ya kale si fedha safi, na haikutengenezwa jana. Fedha ya Athens ilitoka migodi ya Laurion, katika mawe yenye metali ya risasi kwa wingi. Mafundi waliitenga risasi kwa moto na walifanya kazi nzuri ajabu, ila kiasi kidogo kilibaki. Shaba nayo hubaki, au huongezwa kwa makusudi. Sarafu ikikaa karne ishirini na zaidi, ziada hiyo hujitenga polepole na kujikusanya kwenye mipaka ya punje za metali.

Maana metali yote ni punje zilizoshikana, kama mawe ya ukuta. Risasi huidhoofisha mishikano hiyo. Shaba iliyojitenga hulika kabla ya fedha, na maji ya chumvi ardhini hupitia humo humo kwenda ndani. Ongeza mkazo ulioachwa na nyundo siku sarafu ilipopigwa chapa. Mwisho wake unapata kitu ambacho usoni kina bundi mwenye manyoya ya kuhesabika, na ndani ni biskuti.

Kwa hiyo nilipomwonyesha mteja vipande vyake chini ya lenzi, hakupenda. Sehemu ya mvunjiko ilikuwa ya chenga chenga kama sukari guru, na ukijivujivu wa kloridi ya fedha, yaani fedha iliyolika kwa chumvi, ulikuwa umepenya kutoka pembeni hadi karibu na katikati. Upenyaji wa namna hiyo huchukua muda mrefu sana, na mghushi hana muda huo. Si hukumu kamili, kwa sababu wapo wanaopiga chapa mpya juu ya sarafu ya kale isiyo na thamani, lakini hapa ufa ulikuwa shahidi wa muuzaji.

Na mlio? Sarafu yenye nyufa za ndani hailii, kwa kuwa nyufa humeza mtetemo. Kipimo cha kudondosha ni cha sarafu za kisasa. Ukikitumia kwenye ya kale, umepata jibu na umepoteza sarafu.

Dalili zionekane kabla ya msiba. Chukua lenzi ya kukuza mara 10 na mulika kutoka ubavuni. Ufa wa kupigwa chapa huanzia ukingoni, huenda ndani ukipungua, kisha hukoma. Nyufa za kulika ni wavu mwembamba, kama tope lililokauka, na hazijali picha wala ukingo. Kisha pima uzito. Tetradrakma ya Athens ya karne ya 5 KK ilikusudiwa kuwa na gramu 17.2 hivi. Yako ikiwa na 15, na haijasagika wala kukatwa, basi ama metali imeyeyukia ardhini au una swali jingine la kuuliza.

Uongo mwingine ninaousikia: “Imegeuka fuwele.” Haijageuka. Ilikuwa fuwele tangu ilipopoa kutoka tanuruni. Ningeliacha neno hili lipite, ila linazaa tiba mbaya: mtu anaipasha sarafu moto ili “irudi”. Moto unaweza kuirudisha shaba kidogo ndani ya fedha, lakini hauungi ufa uliolika, na unafuta ushahidi wote wa ndani.

“Weusi ni ugonjwa.” Ni salfaidi ya fedha, utando mwembamba. Uache. Cha kuogopa ni gamba la kijivu-zambarau lenye mng’ao wa nta: hilo ndilo kloridi, na mara nyingine ndilo pekee linaloishikilia sarafu. Ukilitoa kwa amonia, utabaki na unga.

“Kijani maana yake ni shaba tupu.” Shaba kidogo ndani ya aloi, yaani mchanganyiko wa metali, hutoka na kupaka uso mzima. Isitoshe, Roma ilipunguza fedha kwenye dinari tangu enzi ya kaisari Nero, na kufikia mwisho wa utawala wa kaisari Gallienus, mwaka 268 BK, antoninianus, sarafu nyingine ya Kirumi, ilikuwa na fedha chini ya asilimia 5. Shuku tu pale ngozi ya fedha inapobanduka na kijani kuchomoza chini yake. Sarafu hiyo ni ngozi ya fedha iliyofunikwa juu ya kiini cha shaba, na walioghushi hivyo walikuwapo tangu zamani.

“Inayong’aa ni nzima.” Hizo ndizo ninazoziogopa kuliko zote. Mtu ameshazichovya kwenye magadi na karatasi ya aluminiamu, kila kilichoziba nyufa kimetoka, na sasa zimeachwa wazi. Mashine za kusafishia kwa mtetemo nazo sitaki hata kuziona karibu.

Ushauri wangu wa kila siku: shika ukingoni, juu ya kitambaa kilichokunjwa mara nne. Usihifadhi kwenye vifuko vya PVC, aina ya plastiki, ambavyo hutoa asidi yenye klorini, wala usifunge kwa mpira, maana una salfa.

Yule mteja aliuliza kama gundi ya papo hapo ingefaa. Haifai: haitoki vizuri, na inafunika uso wa mvunjiko ambao ndio cheti chake. Vipande vitatu vimelala mezani kwangu vikingoja gundi ya resini ya akriliki, inayoyeyuka tena kwa asetoni.