Brashi ya mekapu haichemshwi

Hapa Mwanza, kuanzia Kirumba hadi Igoma, bado kuna wanaoamini kuwa brashi ya mekapu haitakati mpaka itumbukizwe kwenye maji yanayotokota. Si kweli. Nywele za brashi zimeshikwa kwa gundi ndani ya kile kibati kinachozibana. Joto huilegeza gundi hiyo, na siku si nyingi nywele zinaanza kung'oka moja moja na kubaki usoni mwa bibi harusi.

Maji ya uvuguvugu yanatosha. Weka tone la shampuu ya watoto kiganjani, lowesha ncha tu huku brashi ikitazama chini, zungusha taratibu, suuza. Rudia mpaka maji yatoke maangavu. Brashi ya fondesheni hukawia kutakata kwa sababu ya mafuta.

Usizisimamishe kwenye kikombe zikiwa na maji: yatashuka hadi kwenye gundi na mpini wa mti utavimba. Zikamue kwa taulo, zilaze ukingoni mwa meza, ncha zikining'inia. Masika, hewa ya ziwani ikiwa nzito, zile nene huenda zisikauke kwa usiku mmoja. Na spiriti ya asilimia 70? Inafaa kuua vijidudu kati ya mteja na mteja, ila juu ya brashi yenye mafuta haifanyi kazi sawasawa.